Sauti inakonda swichi ikiwa katikati: pikapu mpya na ya zamani kwenye gitaa moja

Msomaji wa Mwanza ameniandikia hivi:

"Fundi, shikamoo. Nina gitaa la Kichina mfano wa Les Paul, ndilo napigia solo kwenye kwaya yetu kanisani. Nimenunua kwa jamaa pikapu iliyotumika ya Seymour Duncan, ile JB, nikaifunga nyuma karibu na daraja. Ya mbele nimeiacha ileile ya kiwandani. Nimepima kwa multimita kwenye jeki: ya nyuma inasoma 15.9, ya mbele 7.9, zote kilo-omu. Kila moja ikiwa peke yake inalia vizuri kabisa. Shida ni nikiweka swichi katikati: sauti inakonda, besi inapotea, inatokea puani. Nimerudia kulehemu kila kitu, hali ni ileile. Nimekosea wapi? Halafu naambiwa nibadilishe na kapasita niweke za bei. La mwisho, nikiimba huku nimeshika gitaa, kipaza sauti kinanipiga shoti mdomoni. Mwenzangu ananishauri nikate ule waya wa ethi unaokwenda kwenye daraja. Nikate?"

Marahaba, mdogo wangu. Naanza na pikapu, kile kidude cha sumaku na waya uliozungushwa (koili) kinachonasa mtetemo wa nyuzi, kwa kuwa ndiyo iliyokufanya uandike, ila kabla hujashika tena gitaa hilo mbele ya kipaza sauti, soma mpaka mwisho. Hilo la shoti ni zito kuliko mengine yote.

Kulehemu kwako hakuna kasoro, na vipimo ulivyonitumia ndivyo vinavyosema. JB ikiwa nje ya gitaa husoma kilo-omu 16.4 hivi. Ukiipimia kwenye jeki, tundu la kuchomeka waya wa gitaa, poti ya volyumu (kile kinachozungushwa na kitufe) ya kilo-omu 500, yaani 500K, inakuwa sambamba nayo, kwa hiyo namba inashuka kidogo hadi hiyo 15.9. Ya mbele vilevile: 7.9 kwenye jeki ni pikapu ya kilo-omu 8. Maana yake koili zote nne ziko hai, hakuna waya uliokatika wala uliogusana na usiotakiwa. Pikapu zako zimepingana fezi, basi, na hilo huwezi kulikamata kwa kusoma omu peke yake, kwa sababu omu zinapima ukinzani wa waya na hazijui umeme unaanzia mwisho upi wa waya huo.

Uzi unapotetemeka juu ya sumaku unaitikisa nguvu ya sumaku ile, na ndani ya koili inazaliwa volti ndogo inayopanda na kushuka kwa kasi ileile ya uzi. Pikapu mbili zinasikiliza uzi mmoja. Uzi ukinyanyuka, zote mbili zinatakiwa zipandishe volti kwa pamoja. Zako, moja inapandisha wakati nyingine inashusha, na swichi ikiwa katikati zinakutana kwenye jeki kama vijana wawili wanaosukuma gari bovu, mmoja kwa nyuma na mwingine kwa mbele. Kinachofutika zaidi ni besi, kwa sababu mtikisiko mzito wa uzi unafanana sana juu ya pikapu zote mbili. Ule mwembamba, wa sauti za juu, unatofautiana sana kati ya daraja na shingo. Kwa hiyo haufutiki wote, na mabaki yake ndiyo hiyo sauti ya puani. Pikapu ikiwa peke yake haina wa kupingana naye, ndiyo maana kila moja inalia vizuri.

Upande ambao pikapu inatazama unaamuliwa na mambo mawili: sumaku imelazwa vipi, na ni mwisho upi wa koili uliochaguliwa kuwa wa sauti. Seth Lover, aliyeibuni hambaka (pikapu ya koili mbili, kama zako) ya Gibson na kuiombea hataza mwaka 1955, alitumia mambo hayohayo mawili kuua mvumo. Ndani ya hambaka kuna koili mbili, kila moja inatazama ncha yake ya sumaku, kinyume na mwenzake, na waya umeunganishwa kinyume. Kwa sauti ya uzi kinyume mara mbili ni sawasawa, kwa hiyo sauti zinajumlishana. Mvumo wa umeme wa hezi 50 haupitii kwenye sumaku, unakutana na kinyume kimoja tu, na unajifuta. Ndani ya pikapu moja kiwanda kinahakikisha hesabu hiyo imekaa. Kati ya pikapu ya kiwanda hiki na ya kiwanda kile hakuna aliyekubaliana na mwenzake. Ukichanganya chapa mbili, nafasi ya kupingana ipo siku zote, na wanaobadilisha pikapu moja tu ndio hukutana na jambo hili kuliko wote.

Usiniamini bure, hakikisha mwenyewe. Kwanza kwa sikio, bila kufungua kitu: weka swichi katikati, volyumu zote mbili mwisho, piga kodi ya E wazi, halafu shusha volyumu ya mbele taratibu, kutoka 10 hadi 8 au 7. Kama besi inarudi na sauti inanenepa wakati wewe unapunguza, hizo zimepingana. Pikapu zilizokubaliana hazifanyi hivyo.

Kisha kwa multimita. Chomeka waya wa gitaa, bana nyaya za multimita kwenye jeki ya upande wa pili, nyekundu kwenye ncha na nyeusi kwenye mwili wa jeki, weka kipimo cha 20K, volyumu mwisho. Chagua pikapu ya nyuma. Chukua bisibisi ya chuma, bapa na nene kiasi, ilaze juu ya pikapu hadi sumaku iinase, subiri namba itulie kwenye 15.9, halafu ibandue ghafla kwenda juu. Kwa kitambo kidogo namba itaruka, ama kupanda ama kushuka, kisha itarudi. Andika ilikoruka. Rudia mpaka uwe na uhakika, kwa sababu multimita za namba ni nzito kushtuka. Ukipata ile ya zamani ya mshale utaliona jambo hili waziwazi. Sasa hamisha swichi kwenda pikapu ya mbele, usiguse kingine chochote, na ufanye vilevile. Nyuma ikipanda na mbele ikishuka, kesi imekwisha.

Dawa yake ni kugeuza pikapu moja, na kwako igeuzwe JB, kwa sababu ina nyaya nne na ule wa tano mtupu usio na ganda. Kwa Seymour Duncan mpango wa kawaida ni huu: mweusi ndio wa sauti, mweupe na mwekundu wanaunganishwa wao kwa wao na kufunikwa, wa kijani na ule mtupu wanakwenda kwenye ethi. Wewe unataka kinyume chake. Wa kijani upande wa sauti, mweusi ethi. Mweupe na mwekundu waache walivyo. Waya mtupu unabaki ethi daima, hata ugeuze nini, maana hauhusiani na koili. Kazi yake ni kuwakinga wenzake na kuushika ule mwili wa chuma wa pikapu.

Hapo ndipo wengi wanaponasa. Kwenye pikapu iliyotumika, wa kijani na mtupu huwa wamesokotwa pamoja na kuzamishwa kwenye risasi ya kulehemu, wanaonekana waya mmoja. Mtu anawahamisha wote wawili kwenda upande wa sauti. Fezi inarekebika kweli, lakini sahani ya chuma iliyo chini ya pikapu sasa imeunganishwa na sauti, na kila ukiigusa au ukisogea karibu na taa gitaa linanguruma. Watenganishe kwanza. Pasha moto mpaka risasi iyeyuke, wavute mbali, kata ncha zilizochakaa, umenye upya milimita 5 hivi, na uvalishe huo mtupu kipande cha mpira wa kusinyaa kwa joto au tepu ya umeme ili usiguse mguu wa poti.

Na neno kuhusu rangi, kwa sababu najua utaingia mtandaoni kutafuta mchoro. Rangi ni lugha ya kiwanda. Kwa DiMarzio, mwekundu ndio wa sauti, mweusi na mweupe wanaunganishwa, wa kijani ethi. Ukiifunga Duncan kwa mchoro wa DiMarzio, koili moja inaunganishwa mwanzo na mwisho wake yenyewe kwa yenyewe na kutoka kabisa kwenye mchezo. Gitaa litalia, ila kwa koili moja, jembamba na lenye mvumo, na kwenye jeki ungesoma 8 badala ya 16. Wewe umesoma 15.9, kwa hiyo hukufuata mchoro huo. Pikapu isiyo na jina, zile za kununua bila boksi, usifuate mchoro wowote: pima jozi zipi zinasoma omu, ujue koili mbili ziko wapi, tumia bisibisi kujua kila koili inatazama wapi, ndipo ulehemu.

Kazi yenyewe ni ndogo. Kwenye magitaa ya umbo la Les Paul vyumba vya nyaya viko mgongoni, kwa hiyo hata nyuzi huna haja ya kulegeza. Lilaze kifudifudi juu ya taulo, fungua mfuniko wa plastiki, piga picha kwa simu kabla hujagusa chochote. Tafuta poti ya volyumu ya nyuma. Mguu mmoja wa pembeni unapokea waya wa sauti wa pikapu, wa katikati unakwenda kwenye swichi, wa tatu umekunjwa na kulehemiwa mgongoni mwa poti, na mgongo huo ndio ethi. Unahamisha nyaya mbili tu, basi.

Chuma cha kulehemu cha wati 25 hadi 40 kinatosha. Kwa mgongo wa poti 40 ni bora, maana chuma dhaifu kinakulazimu ukandamize muda mrefu na joto linapenya kuunguza kaboni ya ndani. Kwaruza mgongo kwa msasa mpaka uwe mweupe, pasha chuma cha poti chenyewe, kisha gusisha waya wa risasi kwenye poti, si kwenye ncha ya chuma cha kulehemu. Risasi ikitanda bapa na kung'aa, imeshika. Ikikaa kidonge cha kijivu, haijashika, rudia. Tumia risasi ya redio yenye rozini ndani. Ile dawa ya asidi ya mafundi bati usiikaribishe kabisa, itakula nyaya zako polepole na utalaumu pikapu.

Ukimaliza, usifunge mfuniko. Rudia jaribio la bisibisi: sasa zote mbili ziruke upande mmoja. Swichi ikiwa katikati utasoma kama kilo-omu 5.3, sawa na kabla, kwa sababu, kama nilivyosema, omu hazijui upande. Chomeka amplifaya usikie. Jambo moja lisikushtue: swichi ikiwa katikati, ukifunga volyumu moja hadi sifuri, gitaa zima linanyamaza. Les Paul ndivyo zilivyounganishwa tangu mwanzo, hata za asili.

Kama siku moja utabadilisha na ya mbele, au kuna msomaji ambaye pikapu zake zote ni za waya mmoja uliovikwa suka la chuma, huko kugeuza nyaya hakufai, kwa kuwa suka limeshikana na mwili wa pikapu na mwili utakuwa upande wa sauti. Huko unageuza sumaku. Toa pikapu, legeza skrubu nne ndogo za chini, sukuma ile sumaku bapa itoke kwa ubavu wa pikapu, ipindue ili ubavu uliokuwa unatazama safu ya skrubu utazame upande wa pili, irudishe. Ukivuta waya wa koili umekwisha, unene wake ni milimita 0.06 tu na hauungiki kirahisi.

Wapo wanaoipenda hitilafu yako, nikuambie ukweli. Peter Green, mpiga gitaa wa mwanzo wa Fleetwood Mac, alikuwa na Les Paul ambayo sumaku ya pikapu yake ya mbele ilikuwa imegeuzwa, na sauti yake ya katikati ikawa ndiyo sifa ya gitaa hilo. Baadaye lilikwenda kwa Gary Moore, kisha kwa Kirk Hammett wa Metallica. Kwa bluzi ya taratibu inapendeza. Kwa mpiga solo wa kwaya anayeingia kwenye sebene na besi nyuma yake, mimi nisingeiacha. Utapotea kwenye mchanganyiko mara ngoma zikianza.

Na ukishaifungua, kuna jambo ungelijaribu. JB ni pikapu ya roki, ina waya mwingi na nguvu nyingi, na kwa sauti safi ya solo la rumba huwa inakoroga amplifaya ndogo. Hatua ya kwanza ni kuishusha kwa skrubu za pembeni. Bana uzi kwenye freti ya mwisho, na kati ya uzi na pikapu acha milimita 3 hivi. Ya mbele inaweza kukaa karibu zaidi, mpaka zilingane kwa nguvu ukihamisha swichi. Kama bado ni nzito, badala ya kuziweka koili mfululizo ziweke sambamba. Kwa Duncan isiyogeuzwa ni mweusi na mwekundu kwenye sauti, mweupe, wa kijani na mtupu kwenye ethi. Kwako unayegeuza itakuwa mweupe na wa kijani kwenye sauti, mweusi, mwekundu na mtupu ethi. Itasoma kilo-omu 4 na kidogo, nguvu itashuka, sauti itafunguka na kung'aa, na mvumo utaendelea kufutika kwa sababu koili zote mbili bado zinafanya kazi. Binafsi JB naipenda zaidi hivyo kuliko ilivyokusudiwa, ingawa najua wapiga roki watanirukia.

Kapasita, kile kidude kilichofungwa kwenye poti ya toni: usitoe hela. Angalia iliyomo. Ikiandikwa 223 ni maikrofaradi 0.022, hiyo ndiyo ya hambaka, iache. Ikiandikwa 473 ni 0.047, inakata sauti za juu zaidi ukifunga toni, na wengi wanaitumia na pikapu za koili moja. Ukitaka badilisha kwa ya kawaida kutoka kwa fundi redio. Volti zinazopita humo ni ndogo mno, na kapasita ya bei na ya redio mbovu zenye namba ileile hutazitofautisha kwa sikio kanisani. Bora hela hiyo iende kwenye poti kama za kwako ni mbovu. Poti za Asia zikiandikwa A500K, sauti inapanda taratibu kwa jinsi sikio linavyosikia. B500K mabadiliko yake mengi unayasikia mwanzoni tu mwa mzunguko, halafu hakuna kitu.

Sasa shoti. Usikate waya huo. Nyuzi zako zimeunganishwa na daraja, daraja na jeki, jeki na mwili wa amplifaya, na mwili wa amplifaya unatakiwa uingie ardhini kupitia pini ya tatu ya plagi. Safari hiyo ikikatika mahali popote, umeme unaovuja ndani ya amplifaya unabaki kwenye nyuzi, ukingoja mtu aguse kitu kilichoshika ardhi vizuri, mathalani kipaza sauti cha mixa. Mtu huyo ni wewe, na mahali penyewe ni midomo. Inaweza pia kuwa mixa ndiyo inayovuja na gitaa ndilo lenye ardhi nzuri. Kwako wewe maumivu ni yaleyale. Ukikata waya wa daraja umeondoa dalili kwenye nyuzi tu. Tundu la jeki, swichi na vifuniko vya pikapu bado vimeunganishwa, gitaa litaanza kuvuma, na anayefuata kugusa amplifaya na kipaza sauti kwa pamoja ataukuta umeme uleule. Les Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alifia jukwaani Swansea, Wales, mwezi Mei 1972, alipogusa kipaza sauti akiwa na gitaa mikononi, kwa vifaa ambavyo ethi yake haikuwa sawa.

Weka multimita kwenye volti za AC, kipimo kikubwa kuliko vyote. Ncha moja kwenye nyuzi, nyingine kwenye wavu wa kipaza sauti, vidole vyako visiguse chuma. Ikisoma karibu na sifuri, ndivyo inavyotakiwa. Ikisoma makumi ya volti, zima kila kitu. Kisha angalia plagi na ekstensheni mnazotumia. Kuna mtindo tunaujua sote wa kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Kama amplifaya au mixa inachomekwa hivyo, umeshampata mhalifu. Kuna ekstensheni za pini tatu ambazo ndani zina nyaya mbili tu, zifungue uone. Amplifaya na mixa zichomekwe mahali pamoja, kwenye soketi yenye ethi ya kweli, na mzee wa kanisa amwite fundi umeme aliyesajiliwa apime ile nondo ya ardhini na aweke swichi inayokata umeme unapovuja.

Mpaka fundi huyo apite, kipaza sauti ashike mwimbaji ambaye hana gitaa.